Nilikwenda Mlimani Kumchukua Shangazi Zuhura, Nikarudi na Komamanga

Mlikuja wengi uwanja wa ndege hapa Johannesburg kunipokea, na nawashukuru. Papa Kabeya alileta kiti cha magurudumu alichoazima kanisani kwao. Kina mama wa Rosettenville walileta kanga mpya na chupa ya uji. Mke wangu Mwanahamisi alivaa baibui lake la sikukuu. Kisha nikatoka mimi, peke yangu, nasukuma kisanduku cha komamanga. Mkatazama nyuma yangu, mlango ukajifunga, mkatazamana.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikitoka msikitini naulizwa, nikienda duka la spaza kununua mkate naulizwa: "Mzee Bakari, bibi yuko wapi?" Nimejibu vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Sasa nakaa niseme yote kwa mpigo. Mambo ya viza na tiketi siyasemi. Aliyewahi kupanga foleni za makaratasi mjini hapa anayajua, na asiyewahi asiwe na haraka ya kuyajua.

Kwanza, kwa nini nilikwenda

Shangazi Zuhura ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Aliolewa Tanga na Mwarabu mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa, na yule bwana alipoamua kurudi kwao Omani, alirudi naye. Kwao si Maskati. Kwao ni kijiji cha wakulima kiitwacho Hadba, juu kabisa mlimani, ambako watu wanalima komamanga na waridi kwenye mawe. Shangazi akakaa huko, akazaa, akazeeka, akazika mume. Sisi tulimjua kwa sauti ya simu siku za Idi.

Kisha akaanza kusahau. Alianza na majina ya wajukuu, akamalizia na Kiarabu chote. Mwanawe Saidi alinieleza kwamba siku moja mama yake aliamka anasema Kiswahili tu, na mle nyumbani hakuna anayejua hata neno. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akizungumza naye. Watoto hawakufundishwa, maana walichekwa shuleni wakikosea wakatia neno la Kiafrika. Msinikunjie uso. Wangu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, na wenu kwa Kizulu.

Saidi akanitumia sauti ya mama yake kwenye simu. Sehemu kubwa ilikuwa manung'uniko, lakini pana mahali ilisikika wazi: "Nifungulieni. Nataka kwenda. Wananingoja, nyinyi mnanichelewesha." Saidi alikwisha kumleta mama mmoja kutoka mjini, mzaliwa wa Pemba, amtafsirie. Yule mama alisikiliza, akatafsiri neno kwa neno, akasema, "Anataka kwao," akanywa kahawa, akaenda zake.

Tuliisikiliza sauti ile sebuleni kwangu Turffontein, na baadhi yenu mlikuwapo. Mwanahamisi alilia. Papa Kabeya, ambaye kwao ni Lubumbashi na hapendi kuona watu wakilia bila maelezo, alivua kofia.

"Bale benye banamungojea, Mzee, haiko batu ba hapa," alisema. "Ni bale balikufaka. Njo vile."

Hakuna aliyembishia kwamba wanaomngoja ni wafu. Siku ya pili Saidi akaandika: "Wewe ndiye damu ya kwao iliyobaki. Njoo umchukue, apumzike kwa watu wake." Tanga hatuna mtu tena, na nyumba ya babu sasa ni gereji. Watu wake walikuwa mimi. Mwanahamisi akatoa cherehani zangu kwenye chumba cha pili, akatandika kitanda. Cherehani zikahamia jikoni, na suruali za wateja zikaanza kunuka kitunguu. Nawaambia haya mjue kwamba sikwenda kutembea. Nilikwenda kumchukua mtu.

Turffontein hadi uwanja wa ndege

Papa Kabeya alinipeleka kwa gari lake. Umeme ulikuwa umekatika, robot zote za barabarani zimezima, na kila makutano ya njia palikuwa na mtu aliyejiteua kuwa polisi. Mmoja alikuwa amevaa ndoo kichwani. Huyo ndiye aliyeongoza vizuri kuliko wote.

Mama Kabeya alikuwa amenipa mfuko wa dagaa wakavu. "Akisikia hii harumu, roho yake itatulia," mumewe alinitafsiria nia yake, na mimi niliisikia harufu yenyewe kutoka kiti cha nyuma njia nzima. Niliuliza kama kweli lazima. Papa Kabeya akasema zawadi ya mwanamke hairudishwi, na kwamba yeye pia alishajaribu.

Angani

Nilikaa na binti mmoja wa Midrand aliyekuwa anakwenda mlima uleule, likizoni. Alinionyesha picha za hoteli yenye bwawa la kuogelea lililo ukingoni mwa genge, na akaniuliza mimi naenda kupumzika wapi. Nikamwambia naenda kumchukua shangazi yangu ambaye marehemu wanamwita. Akanipa pole, kisha akaomba tubadilishane viti akae dirishani.

Ndege ya pili ilichelewa kwa sababu iliyotangazwa kwa lugha nyingi, na hakuna aliyeielewa kwa lugha yoyote. Tulipewa mkate wenye kitu cha kijani ndani. Nilikula. Mpaka leo sijui nilikula nini.

Maskati hadi chini ya mlima

Afisa wa forodha alifungua mfuko wa dagaa, akainama anuse, akaufunga kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa Kiingereza kama ni chakula cha mnyama. Nikasema ni cha shangazi. Akanipungia mkono nipite, na nadhani alimwonea huruma shangazi.

Nilikuwa nimejipa moyo kwamba Kiarabu ninakijua, kwa sababu nimesoma chuo cha Kurani tangu utotoni. Nilichogundua ni kwamba Kiarabu changu ni cha msikitini. Naweza kumwombea mtu maghufira, naweza kumwonya juu ya moto, lakini siwezi kuomba chumvi. Nilijaribu kuuliza bei ya maji, na muuza duka akaitikia "Amina."

Ahueni ilikuja kwa dereva wa teksi, mzee aliyeitwa Suleimani, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Omani akiwa kijana. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Changu, kwa sababu ya kukaa na nyinyi, kilimshangaza.

"Ukifika pale kwenye robot unishushe ninunue maji," nilimwambia.

Akapunguza mwendo, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Robot gani, bwana? Mimi naona msikiti na duka la matairi."

"Robot! Zile taa, nyekundu, kijani."

"Aa, taa za barabarani." Alitafakari hadi taa zikabadilika mara mbili. "Na huko kwenu taa za ndani ya nyumba mnaziitaje?"

Nilimweleza safari yangu. Alisikitika kwa dhati, akasema watu wa kwao wengi wamezeekea huku na ulimi ukarudi ulikotoka. Akasema pia kwamba mtu kwao. Nikaona hata huyu, ambaye hajamwona shangazi, amekwisha kuhukumu kama sisi.

Chini ya mlima kuna kizuizi cha askari, na sheria yake ni moja: gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halipandi. Gari la Mzee Suleimani lilikuwa na magurudumu manne, na hilo ndilo alilojaribu kumweleza askari, kwa muda mrefu, na kwa heshima. Askari naye kwa heshima akatuonyesha pa kugeuzia. Basi nikaagana na mzee wangu, nikakaa kwenye duka la kando ya barabara kumngoja Saidi ashuke.

Nilingoja sana. Mwenye duka alinipa chai ya maziwa, kisha chapati ndani yake wamekunja yai na jibini, kisha chai tena. Kila alipopita aliniuliza jambo kwa Kiarabu, nami nikajibu "Alhamdulillahi." Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa akiuliza kama aongeze pilipili. Midomo yangu ilikuwa imeshaelewa kabla yangu.

Kupanda

Saidi ni mtu mrefu, mtu wa makamo, kanzu nyeupe, kilemba, na macho ya baba yangu kabisa. Lile la macho lilinipiga moyoni, maana sikulitegemea. Tukakumbatiana. Tulizungumza Kiingereza, chake cha shuleni na changu cha Johannesburg, na tulielewana vizuri kila mmoja alipoacha kujaribu kupendeza.

Kuhusu barabara yenyewe mtaniwia radhi, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimefumba macho. Ni ya lami safi, pana, na inapanda kama mtu aliyekasirika. Kila kona ina kibao kinachokuambia utumie gia nzito. Pembeni kuna vinjia vya kokoto vinavyopanda kuelekea juu na kuishia hewani, kwa ajili ya magari yanayoshuka breki zikiwa zimekufa. Nilimuuliza Saidi kama hutumika. Akasema, "Si kila siku."

Ila Saidi alikuwa mwenyeji, na mwenyeji lazima aonyeshe. Kila penye mandhari alisimamisha gari ukingoni, akashuka, akanyoosha mkono. Nami nikashuka, nikashika mlango wa gari, nikatazama. Ni kweli, ndugu zangu, ni pazuri. Milima imechanwachanwa kwa mabonde, ya rangi ya nyumba ya udongo. Halafu ghafla, upande wa pili wa genge, unaona kijani: vishamba vidogovidogo vimepangwa kama ngazi kutoka juu hadi chini, kila kimoja kimezuiwa na ukuta wa mawe, na juu yake vijumba vimeshikamana. Unajiuliza nani alipanda hapo na mawe yote hayo, na aligombana na nani huku chini.

"Kile ndicho Hadba," alisema Saidi. Kisha akasema, bila kunitazama, "Begi lake nimekwisha kulifunga. Nimetia na blanketi, anapenda lile la buluu."

Nikasema vizuri.

"Nimemfungia mlango," akaendelea. "Lazima nikuambie kabla hujaona. Aliwahi kutoka peke yake, tukamkuta kwenye ukingo wa shamba. Angeanguka. Mke wangu hulia kila anapogeuza ufunguo. Mama anatukimbia, ndugu yangu. Miaka yote hii, na mwishoni anatukimbia."

Barabara ilikuwa imebaki ndefu. Kawia ufike, wanasema wahenga, na Saidi aliendesha taratibu kuliko ilivyohitajika.

Hadba, sebuleni

Nilitaka kumwona shangazi papo hapo. Haikuwezekana, na si kwa ubaya. Kule mgeni haulizwi shida yake wala haambiwi habari nzito kabla hajala. Wanaume wa kijiji walikuja mmoja mmoja, tukasimama, tukashikana mikono, tukaketi. Akaingia mwingine, tukasimama tena. Kila mmoja aliuliza habari, na jibu ni kwamba hakuna habari, zote ni kheri, na wewe je? Nami hakuna, kheri. Sote tulijua kwamba upande wa pili wa ukuta yupo mama mzee amefungiwa. Habari zikabaki kheri.

Ilikuja tende, ikaja kahawa, zikaja komamanga zimepukuchuliwa kwenye bakuli. Ukaja wali na mbuzi mzima katika sinia moja, na kila jirani alinirushia nyama upande wangu wa sinia. Nilipokula, ikaongezwa. Niliposimamisha mkono, walisikitika. Nilikula mpaka nikaanza kuyaonea wivu magari yenye vile vinjia vya kokoto.

Ndipo Saidi akaniambia, "Sasa twende."

Chumba chenye kufuli

Shangazi Zuhura ni mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, na amekaa kitako juu ya godoro kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu mara moja.

Saidi aliyekuwa mlangoni akashika ukuta. Ndilo jibu la kwanza kumsikia mama yake akimpa mtu kwa muda mrefu sana.

Nikamwambia mimi ni Bakari, mtoto wa ndugu yake Hamisi. Akaniambia Hamisi hana mtoto, Hamisi yuko shule. Nikasema sawa. Nikaleta dagaa. Mke wa Saidi alikuwa amewakaanga vizuri kwa nyanya, na nyumba nzima imesimama nje ya mlango kuona bibi akikutana na harufu ya kwao. Nilimsogezea sahani. Akainama, akanusa, akanitazama.

"Nani kaleta uvundo huu?"

Wakaniuliza amesema nini. Nikasema anashukuru.

Alikula mkate wao ule mwembamba, mwembamba kuliko karatasi, na asali, akalamba vidole. Ningekuwa na akili ningeanza kufikiri hapohapo. Badala yake nilikaa nahesabu moyoni namna ya kumpandisha ngazi za nyumba yetu Turffontein, na lifti inayofanya kazi siku ikijisikia.

Siku hiyo hakupiga kelele, wala iliyofuata. Saidi alisema ndivyo alivyo: siku kadhaa ametulia, halafu siku moja, jua likianza kuinama, anaanza. Mimi nilikuwa nimekaa naye, ananisimulia habari za mbuzi wa watu nisiowajua. Ghafla akageuka akatazama dirishani. Mbele ya dirisha lile kuna jabali, na kivuli chake kilikuwa kinatambaa ukutani mwa nyumba ya jirani. Akasimama. Akaenda mlangoni, akapiga kwa kiganja.

"Nifungulieni! Nataka kwenda. Wananingoja!"

Nikasikia mke wa Saidi ameanza kulia kule jikoni, na mimi mwenyewe nilikumbuka maneno ya Papa Kabeya. Shangazi alipiga tena. Mkono ule mdogo, nawaambia, uliniuma mimi. Na katika kutojua la kufanya nikauliza swali ambalo sisi sote, sebuleni Turffontein, na yule mama wa Pemba na kahawa yake, na mzee wa teksi, hakuna aliyeliuliza.

"Shangazi, wanaokungoja ni kina nani?"

Akanigeukia kama mtu aliyeulizwa jina la mchana.

"Si kina Nasiri, wa shamba la chini! Maji yetu yameshafika. Zamu yetu hii, na mtoto amelala, na baba yake yuko safari. Wewe umekaa tu unanitazama. Fungua!"

Mferejini

Kwa msiojua, na mimi sikujua, maji ya kijiji kile ni ya chemchemi moja. Yanashuka kwa mfereji mwembamba wa mawe wanaouita falaj, yanapita juu ya vishamba vyote, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ikifika unazibua tundu lako, unaziba la jirani, shamba lako linakunywa. Ikipita imepita, mpaka mzunguko urudi. Zamu inarithiwa kama nyumba inavyorithiwa, na zamani ilipimwa kwa kivuli cha jabali. Siku hizi wanatazama simu.

Nilimtafsiria Saidi. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akatazama dirishani, kwenye kivuli, akakitazama muda.

"Hii ndiyo ilikuwa saa yetu," alisema polepole. "Baba alikuwa akisafiri na gari la mizigo. Yeye ndiye aliyeshika maji, mimi nikiwa mtoto. Alipougua nilimwachia Nasiri zamu yetu. Mimi nafanya kazi ofisini mjini, nani atamwagilia?"

"Fungua mlango," nikamwambia.

"Ataanguka."

"Tutamshika."

Akafungua. Ndugu zangu, sikuwahi kuona mtu wa umri ule akitembea vile. Mimi mkono wa kulia, Saidi wa kushoto, na bado yeye ndiye aliyetuvuta. Hakutazama barabara kuu, hakutazama gari. Alishuka ngazi za mawe zinazopita nyuma ya nyumba, akainama chini ya tawi la mkomamanga ambalo mimi nililipiga kwa kipaji cha uso, akafika mferejini. Shamba lao lilikuwa limekauka, majani yamejikunja. Shamba la chini, mzee Nasiri alikuwa amesimama na jembe, maji yanaingia kwake.

Nasiri alimwona. Aliweka jembe chini, akasogea kando, akafunga mikono. Kule mwenye zamu akifika habishiwi.

Shangazi akapiga magoti. Akatia mkono majini, akang'oa jiwe lililozibia tundu lao pamoja na kitambaa chake, akalisukuma jiwe lilelile upande wa pili likaziba njia ya kwa Nasiri, akashindilia kitambaa kwa kidole gumba pembeni, taratibu, mpaka hakuna tone lililovuja. Maji yakageuka. Yakaingia shambani mwao yakitoa sauti ya kunywa. Shangazi akainuka, akajipangusa mikono kwenye nguo, akanitazama mimi niliyekuwa karibu.

"Shika jembe," akasema.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilishika. Nilielekeza maji mti kwa mti, na kila nilipokosea alinikaripia.

Saidi alikuwa amekaa juu ya ukuta, uso ndani ya kilemba. Alilia bila kuficha. "Nilidhani ananikimbia," alisema. "Kumbe anakwenda shambani. Kumbe yuko hapahapa." Nami nikalia, kwa furaha na kwa aibu vikichanganyika, maana nilikuwa nimesafiri nchi ngapi kwenda kumng'oa mtu mahali alipo, na kitanda nimeshatandika. Mzee Nasiri alitutazama wote wawili, kisha akatazama maji, nadhani akihofia tutayaacha yamwagike ovyo.

Jioni ile begi lilifunguliwa, blanketi la buluu likarudi kitandani. Hapakuwa na mkutano wala maneno. Saidi aliniomba kitu kimoja tu: nimfundishe namna ya kumwita mama yake kwa Kiswahili. Tulikaa ngazini akirudia kama mtoto wa chuo, na zamu ilipozunguka tena, kivuli kikafika mahali pake, alikwenda mwenyewe mlangoni, akafungua kabla mama hajapiga, akasema:

"Tuwende, mama. Zamu yetu."

Shangazi alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Umechelewa," akasema, akampa mkono.

Saidi alinigeukia aulize maana yake. Nikamwambia. Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kugombezwa.

Kushuka

Siku ya kuondoka nilimkuta shangazi amekaa kwenye kizingiti, mlango wazi, anachagua komamanga za kunipa. Nzuri aliziweka kando, zile zilizopasuka akazitia kwenye kisanduku changu. Saidi alikuwa anapasha gari moto. Nikachuchumaa kumuaga. Nilikuwa na huzuni kubwa, na siwafichi, kwa sababu ndiye mtu wa mwisho mwenye sauti ya baba yangu, na nilijua kwamba akilini mwake sina jina.

"Kwaheri, shangazi. Narudi nyumbani."

"Wewe kwenu wapi?" akauliza, kwa adabu, kama anavyoulizwa mpita njia.

"Johannesburg."

Akafikiri. "Huko maji yapo?"

Nikataka kusema ndiyo, halafu nikawakumbuka Mwanahamisi na kina mama wa ghorofani wakishuka na ndoo kwenda kupanga foleni nyuma ya lori la maji, na bomba letu linavyokohoa hewa wiki nzima.

"Yapo siku, na siku hayapo," nikasema. "Yanakuja kwa zamu."

Shangazi Zuhura akaacha komamanga. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akanisukuma begani kwa ule mkono mdogo.

"Sasa hapa umekaa unafanya nini?" akasema. "Nenda, baba. Wanakungoja."

Nikaenda.